Ngiri ya Papa Zagabe na Majeruhi Wazima

Jumanne, tarehe 14 Novemba 2023, hospitali yetu ya kijeshi ilikuwa na majeruhi arobaini, wote wazima wa afya, na wagonjwa tisa, ambao walihamishiwa barazani ili majeruhi wapate vitanda. Lilikuwa zoezi la utayari: vita vya kuigiza mbele ya wakaguzi kutoka Kinshasa.

Miongoni mwa wale tisa alikuwamo Zagabe wa Bagira, aliyelipikia jeshi maharage kwa miaka ishirini na sita bila kufyatua risasi hata moja. Kambini walidai maharage yake yalitosha kumtisha adui. Kunyanyua masufuria kulimletea ngiri, akaifunga kwa kitenge cha mkewe. Daktari alikwisha kumwonya: siku utumbo utakapobanwa, atakufa. Hata hivyo upasuaji wake ulikuwa umeahirishwa mara tatu, kwa kuwa glavu, dawa za usingizi na mazutu ya jenereta vilihifadhiwa kwa ajili ya utayari. Asubuhi hiyo, akiwa hajala tangu jana, aliahirishiwa mara ya nne.

— Papa, leo haiko operation, alisema muuguzi Valérie. Mazutu yote ni ya zoezi.

— Vita yenyewe ikikuja, mutaiambia ingoje mazutu?

— Vita iko na budget yake, papa.

Kando ya Zagabe, akingoja kuingizwa ndani, alilala Sajini Christophe, majeruhi wa kuigiza, mkononi amefungwa kitambaa chekundu, maana yake: tumbo limepasuka, apelekwe kwanza kwenye chumba cha upasuaji. Sajini alinung'unika. Wenye vitambaa vya kijani, waliojeruhiwa kidogo, walikuwa tayari wanakula. Wanaokaribia kufa wangekula zoezi likiisha. Eulalie, mkewe Zagabe, akafika na sahani ya wali na sambaza, vidagaa vya ziwani. Zagabe aliitazama sahani, kisha kitambaa.

— Sergent, nipe hiyo kitambaa, chukua wali.

— Papa, weye uko mugonjwa ya kweli! Hauko mu programme.

— Basi kufa na njaa.

Christophe alikifungua kitambaa upesi.

— Zagabe, ile wali nilileta yangu! akalia Eulalie.

Ndani, wabebaji walikomwingiza mwenye kitambaa chekundu, taa ziliwaka zote, glavu zilikuwa mpya, na mtoa dawa ya usingizi alikuwa mahali pake. Wakaguzi walisimama nyuma ya kioo. Kapteni Lucien, daktari mpasuaji, akafunua shuka.

— Papa Zagabe! Hii ni mazoezi.

— Basi fanya mazoezi, docteur.

— Umekula?

— Hapana. Mwenye kula ni ule tumbo yake imepasuka.

Lucien alizitazama taa, akaitazama ngiri aliyoiahirisha tangu Agosti, akaomba kisu.

Nyuma ya kioo, kanali, mkuu wa hospitali, aliwageukia wageni.

— Muone ile damu! Mungesema ni ya kweli.

Jioni majeruhi wote arobaini walirudi makwao kwa miguu. Walibaki wagonjwa tisa: wanane wakingoja kupasuliwa, mmoja amekwisha kupasuliwa.