Siku Jaji wa Chumba cha Kufulia Alipocheka

Saa moja asubuhi, mvuke umeshajaa chumba cha kufulia cha hospitali, na mwanamke mmoja mwenye mikono ya kazi, mikono ya gauni imekunjwa hadi juu ya viwiko, anazungumza na mashuka.

"Haya bibie, njoo juu," analiambia fungu lililolowa ndani ya mashine. Maneno yanatoka polepole pamoja na pumzi, na fungu nalo linanyanyuka na kutua kwenye toroli. Anarudi kwa lingine. "Na wewe, mkwe, usinichoshe."

Wafanyakazi wapya hudhani ana kasoro kichwani. Wenyeji wa chumba hicho wanajua kwamba maneno hayo ndiyo dawa yake. Wanajua pia kwamba zamani mama huyu hakuwa na neno kwa mtu, sembuse kwa shuka. Walimwita Jaji.

Jina alilipata kwa kutocheka. Mpiga pasi wa zamu yake, mwanamke asiyeweza kumaliza foronya moja bila utani, akianza vituko vyake watu wote hushika mbavu. Jaji alikuwa akitoka nje na uso wa mtu anayekwenda kusoma hukumu.

"Nilijua ananidharau," anasema mpiga pasi. "Nikasema potelea mbali, kila mtu na majivuno yake."

Hayakuwa majivuno. Tangu alipojifungua mtoto wa mwisho, kila alipocheka, kupiga chafya au kunyanyua mzigo, mkojo ulimtoka. Mwanzoni ulikuwa wa matone, baadaye wa kulowesha nguo. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Yeye alizaa kwanza, watoto wanne, ndipo akaanza kuficha.

"Chafya nilikuwa naiogopa kuliko mwizi," anasema. "Lakini kicheko ndicho kibaya zaidi, maana hakibishi hodi."

Akavaa magauni meusi tu. Kwa mawifi zake akakataa kukaa kwenye makochi, akisema anapenda kigoda. Sehemu kubwa ya mshahara ikaishia kwenye pedi, na mumewe, fundi rangi mpole, akaanza kujiuliza amemkosea nini. Alipopewa uongozi wa zamu, aliukataa, kwa kuwa kiongozi husimama mbele ya wenzake kila asubuhi. Mwishowe akamwambia mumewe kwamba anaacha kazi. Kazi hiyo anaipenda. Alimwambia huku analia.

Kilichomwokoa ni kuanguka. Katika lile joto la mashine alikuwa amejizuia kunywa maji ili asilowe, na siku moja kizunguzungu kikamlaza sakafuni. Daktari akauliza anakunywa maji kiasi gani. Akajibu: kikombe cha chai asubuhi. Daktari akauliza kwa nini, na kwa mara ya kwanza akasema.

Alielekezwa ghorofa ya juu, chumba cha fiziotherapia, moja kwa moja juu ya mashine zake. Miaka yote alikuwa akifua mashuka ya chumba hicho, akidhani ni cha waliovunjika miguu.

Mtaalamu aliyemkuta humo alikuwa binti wa umri wa mwanawe wa kwanza. Jaji akamwambia, mwanangu, mambo haya hayasemwi.

"Mama, mashuka ya kitanda hiki anafua nani?" binti akauliza.

"Mimi."

"Basi tumeshajuana. Kaa tuzungumze."

Binti alimpima, kwa kuwa, kama anavyoeleza, si kila mkojo unaovuja una chanzo kimoja. Kisha akamfafanulia. Misuli ya sakafu ya nyonga, inayokishikilia kibofu kwa chini, ni kama shuka linaloshikwa na watu wawili wakati wa kulikunja: mmoja akilegeza, kilicho juu yake kinaporomoka. Misuli hiyo hufundishika. Akampa mazoezi ya kuikaza na kuiachia, na akamwamuru anywe maji.

Wiki za kwanza hazikuleta nafuu. Jaji alifanya kila alichoagizwa, na mambo yakazidi kuharibika. Akapanda ngazi kuaga. Binti hakubishana naye. Alishuka naye hadi kwenye mashine, akasema nyanyua nikuone.

Jaji akainama, akabana pumzi, mashavu yakafura, akanyanyua. Ndivyo alivyofundishwa na waliomtangulia siku yake ya kwanza kazini: mzigo wa maji unabanwa kwa pumzi. Hata mazoezi ya nyumbani alikuwa akiyafanya vivyo hivyo, akisukuma chini badala ya kuvuta juu.

"Mama, umekaza mashavu tu," binti akamwambia. "Huku chini umefungua mlango."

Akampa kanuni mpya: vuta misuli juu kwanza, kisha nyanyua huku ukisema neno lolote, kwa kuwa anayesema hawezi kubana pumzi. Tangu siku hiyo mashuka yakaanza kusalimiwa.

Miezi ikapita na pedi zikapungua mkobani. Kucheka, hata hivyo, bado hakuthubutu. Mpaka asubuhi moja mpiga pasi alipokung'uta foronya, yakadondoka mezani meno ya bandia. Akayainamia kwa heshima zote.

"Shikamoo, mzee. Mwili umelazwa wodini, meno yametoroka?"

Jaji alikuwa na fungu mikononi na mlango ulikuwa mbali. Kicheko cha miaka yote kikamtoka kwa pamoja. Alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la nguo chafu, machozi yanamtiririka, wenzake wakadhani ameshikwa na ugonjwa. Kisha akasimama na kujipapasa nyuma ya gauni mbele ya chumba kizima.

"Kukavu," akasema. "Jamani, kukavu."

Hakuna aliyeelewa, kwa hiyo aliwaeleza tangu mwanzo. Mpiga pasi akalia kwa kujua alikuwa akimtesa mtu kwa utani. Mwanamke mwingine aliuliza kwa sauti ya chini chumba cha fiziotherapia kinafunguliwa saa ngapi. Meno yalioshwa, yakarudishwa kwa mwenyewe.

Leo Jaji ndiye kiongozi wa zamu, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuweka jagi la maji kando ya mashine. Jina amekataa kulivua. Anasema amelifanyia kazi.

Sasa ana mpango mwingine. Yeye na binti wa ghorofa ya juu wamekubaliwa kuzungumza na akina mama wodi ya wazazi kabla hawajaruhusiwa kwenda nyumbani, na mpiga pasi atakuwapo.

"Maneno matupu hawatayaamini," anasema. "Nitasimama mbele yao, shoga yangu anichekeshe mpaka achoke, halafu nitageuka waone."

Gauni la siku hiyo ameshalinunua. Ni jeupe.