Mchumba Wangu Alinifundisha Kikorea Ambacho Wakorea Hawakijui

Wakubwa zangu shikamooni, wenzangu habari zenu. Admin nakushukuru kwa kunifichia jina, maana nikijulikana hapa Mwanza sitakuwa na pa kuweka uso wangu.

Mimi ni msichana wa miaka 27, naishi Kiseke kwa wazazi wangu na ni muuguzi katika kituo cha afya upande wa Mkolani. Nimechumbiwa na kaka mmoja, tumwite Deo. Tulipoanza uhusiano Deo alikuwa ametoka Korea, alikokaa miaka mitatu akifanya kazi kiwandani. Mtaani wote wanamwita Mkorea. Baba yangu ndiyo usiseme, mgeni akiingia tu utamsikia, "Mkwe wangu huyu amekaa Korea." Deo aliniambia tukishafunga ndoa tutaondoka wote, kule wauguzi wanatafutwa sana, ila lazima nijue lugha. Akaanza kunifundisha mwenyewe.

Jamani, nilijifunza kwa moyo wote. Jioni nikitoka kazini tunakaa barazani kwetu, yeye anasema, mimi narudia. Nikamwomba kitabu, akasema vitabu vinapoteza watu. Nikamuuliza kuhusu zile herufi zao, akanijibu, "Herufi utazijua ukifika. Lugha inaingia kwa masikio, siyo kwa macho." Nikaamini. Nani angenifundisha vizuri kuliko mtu aliyeishi huko?

Mwaka huu wakaja kituoni kwetu madaktari wa macho kutoka Korea, wa kujitolea. Mganga mkuu akatuita akauliza nani anajua hata salamu tu awapokee. Wenzangu wote wakanigeukia mimi. Nikasimama mbele. Salamu niliyotoa daktari mmoja mama wa makamo aliielewa, akafurahi mpaka akanishika mikono. Nikaendelea sasa: karibuni sana, poleni na safari, tumefurahi kuwaona. Yote kama Deo alivyonifundisha. Yule mama akaacha kutabasamu, akamgeukia dada Mtanzania aliyekuwa mkalimani wao, akamnong'oneza. Yule dada akaniangalia kwa huruma. "Samahani dada yangu, daktari anauliza, hicho ulichosema ni Kisukuma?"

Kituo kizima kilicheka. Na mimi nikacheka nao, halafu nikaenda chumba cha dawa nikalia.

Nilipomweleza Deo hakushtuka hata kidogo. Akasema, "Hao watakuwa wa mikoa ya ndani, lafudhi yao nzito." Na mimi mjinga nikakubali tena! Ila yule mkalimani kabla ya kuondoka alinifuata pembeni. Hakunicheka. Akaniuliza kama najua herufi, nikamwambia hapana. Akasema hapo ndipo pa kuanzia, usikariri neno usiloweza kulisoma. Akanionyesha programu ya bure ya kwenye simu, masomo ya video yanayoanza na herufi, na kamusi ambayo ukibonyeza neno inalitamka. Akaniambia nijirekodi nikisoma, halafu nilinganishe sauti yangu na ya mwalimu.

Ndugu zangu, zile herufi siyo ngumu kama zinavyoonekana. Wiki haikuisha nilikuwa naunganisha silabi mwenyewe. Nikaanza kutafuta maneno ya Deo kwenye kamusi, moja baada ya jingine. Maji kwake yalikuwa "kasumi". Kwenye kamusi na kwenye kila somo, maji ni "mul". Neno lake la mgonjwa halipo kabisa. Salamu na asante tu ndizo zilikuwa za kweli, zile ambazo kila anayeangalia tamthilia zao anazijua. Mengine yote alikuwa ameyatunga.

Sikutaka kumhukumu kwa kamusi tu. Siku alipokuja kula chakula cha mchana nyumbani, nikachukua karatasi nikaandika jina lake kwa herufi za Kikorea, nikampa nikamwambia soma. Akaitazama, akatabasamu, akanivuta karibu. "Umeandika nakupenda. Na mimi nakupenda, mama."

Mtu amekaa Korea miaka mitatu hawezi kusoma jina lake.

Nikamwambia ni jina lako hilo, Deo. Chakula hakukigusa tena. Mwishowe akasema ukweli. Hajawahi kupanda ndege. Wakala aliyemwahidi safari alimtoroka Dar, akaona aibu kurudi, akabaki Mbagala akikaanga chipsi. Picha za theluji alizokuwa akituonyesha alizitoa mtandaoni. Mama yake akimpigia jioni, alikuwa hapokei makusudi ili ionekane kule ni usiku.

Kukaanga chipsi kungeniudhi nini mimi? Angeniambia siku ya kwanza ningempenda vilevile. Kinachoniuma ni zile jioni za barazani, anaona ninavyohangaika na neno ambalo yeye ametoka kulitunga sasa hivi, halafu ananisifia kwamba natamka vizuri.

Na bado. Tangu kabla sijagundua haya, amefungua darasa la Kikorea hapa Kiseke, na vijana wanakwenda kwa sababu walikuwa wananisikia mimi nikiongea barazani. Mdogo wangu wa kike ameacha kuripoti chuo cha ualimu kwa ajili ya hilo darasa. Nilipomwambia Deo alifunge, alipiga magoti akanishika miguu. "Wewe sasa umejua pa kujifunzia. Nifundishe mimi usiku, mimi nitawafundisha mchana. Tukifika wote kwenye ukweli, nani atajua tulianzia wapi?"

Ng'ombe wa mahari wako zizini kwa baba, na ndoa imeshatangazwa kanisani. Nikisema, baba yangu anachekwa na Deo anahama mji. Nikinyamaza, mdogo wangu anaendelea kukariri upuuzi, na mimi naolewa na mtu ambaye hata akiniambia pole nitatamani kuitafuta kwenye kamusi.

Bado nampenda, siwadanganyi. Mliopitia usaliti wa namna hii, nianze na nani, baba au mdogo wangu? Au nijifungie na Deo tuanze upya na herufi? Niambieni, nitasoma maoni yote.