Mgeni Aliyelala Mahali pa Marjani

Jembe liko nyuma ya mlango. Nenda kalitazame kwanza, ndipo urudi unibishie. Haya sikuhadithiwa na mtu. Niliyaona kwa macho haya haya, hapa Bagamoyo, enzi misafara ya pembe ikiingia mjini kwa ngoma na bunduki, nami nikiwa mke mpya wa Feruzi, saisi aliyetunza farasi wa tajiri mmoja wa Kiarabu.

Farasi mwenyewe aliitwa Marjani, jike jekundu aliyeletwa kutoka Maskati. Farasi walikuwa adimu siku zile, maana mbung'o wa bara waliwamaliza. Watu husema farasi hulala wima. Husinzia wima, sikatai, lakini usingizi wenyewe, ule wa kukoroma, hauji mpaka ajinyooshe chini. Marjani kila adhuhuri akishakula alikunja magoti akalalia ubavu wa kushoto, kwenye kona ya banda penye majani makavu.

Siku moja tumbo likamsokota. Farasi hana njia ya kutapika, kikimkwama kimekwama. Alichimba chini kwa kwato, akawa anajitazama ubavu, jasho likamlowesha shingo yote. Feruzi akamtoa kumtembeza, asije akajibingirisha utumbo ukajipinda. Mimi nikabaki uani nachemsha bizari nyembamba na tangawizi, banda liko nyuma yangu. Jua la utosini, watu wote wamejifungia ndani. Nikasikia, "Hodi."

Sasa niambie, wewe uliyelelewa pwani, ukipigiwa hodi unafanyaje? Mdomo ulijibu kabla ya kichwa. Bila kugeuka nikasema, "Karibu. Pita ndani ujinyooshe, upumzike, mwenyeji wako yuaja." Nilidhani ni jamaa wa Feruzi kutoka Mkange. Nilipogeuka hapakuwa na mtu, na kwa shughuli ya mgonjwa nikasahau.

Jioni Marjani akapata choo. Feruzi alicheka huku analia, sijapata kuona mwanamume akipenda mavi namna ile. Tukadhani mambo yamekwisha.

Kesho yake Marjani hakulala. Alisimama mlangoni, makalio yameelekea kona yake, macho yanafumba, magoti yanamlegea, anataka kuanguka, anashtuka. Vifundo vya miguu vikachubuka kwa kujigonga chini. Nikaenda pale konani. Majani yalikuwa yamelaliwa, umbo la mtu mrefu, na nilipoyagusa yalikuwa na joto. Niamini, mkono niliurudisha upesi.

Tajiri alipokuja akamtazama, akatikisa kichwa. "Farasi asiyelala ni mzoga uliosimama," akamwambia Feruzi. "Kesho alasiri nikimkuta hivi, nitampiga risasi, na wewe utashika mzigo uende bara na msafara." Feruzi alikuwa na kifua kibovu. Wazima waliokwenda bara na mizigo kichwani, wengi hatukuwaona tena, seuze yeye. Niliogopa, sikufichi. Sikula chakula cha usiku.

Kesho hiyo adhuhuri Feruzi yuko msikitini, nikaingia bandani peke yangu. Kwenye kona ya Marjani amelala mzee wa kanzu nyeupe, mkono chini ya shavu, miguu ameifukia ndani ya majani.

Nikasema, "Shikamoo."

"Marahaba. Uliniambia nijinyooshe, nimejinyoosha."

"Na farasi alale wapi?"

"Hatalala. Atachoka, ataanguka. Akianguka, nitamwingia."

Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayekuomba maji. Nimfukuze? Mgeni niliyemkaribisha kwa kinywa changu? Mama yangu hakunilea hivyo. Lakini mama yangu huyo huyo alikuwa na neno lake kwa wageni wa aina hii, na hata wewe unalijua: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nikahesabu. Ilikuwa siku ya tatu.

Nikaenda nikaleta jembe. Nikapiga goti, nikampa kwa mikono miwili. "Baba, shamba la muhogo liko nyuma ya banda."

Alilitazama jembe kana kwamba nimemletea nyoka. "Huna adabu."

"Adabu ninayo. Ndiyo maana nimekupa lenye mpini mpya."

Akainuka, akainuka, mpaka kichwa kikagusa makuti. Miguu yake usiniulize. Lakini jembe alilipokea, maana ada iliyomwingiza ndiyo iliyomfunga. Nikasikia nyuma ya banda ardhi inalimwa, chwa, chwa, chwa. Kisha kimya. Nilipochungulia, tuta moja limelimwa, jembe limetupwa juu yake, mzee hayupo. Kumbe hata majini kazi hawaiwezi.

Marjani akaingia. Akanusa kona, akapiga chafya, akaiacha, akakunja magoti upande wa pili. Alilala chali nusu, miguu kanyoosha, mdomo wazi, anakoroma. Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakauliza nani kaolewa.

Alasiri tajiri akaja na bunduki. Alipomwona vile akashika kichwa. "Amekufa!"

"Amelala, bwana," Feruzi akasema.

"Ndivyo mnavyosema mtu akifa."

Marjani akamjibu mwenyewe, kwa ushuzi mrefu uliomfanya tajiri ajifunike pua kwa kilemba. Akaondoka na bunduki yake. Msafara ukaenda bara bila Feruzi, na usiku ule mume wangu alikoroma kumshinda farasi. Sijapata tena kusikia sauti tamu kama ile.

Tangu hapo Marjani hakulalia tena ubavu wa kushoto, wala kona ile hakuikanyaga. Alilala upande wa pili, uso mlangoni, mpaka uzee wake, na hodi ikipigwa alisimama kabla yangu. Lile tuta nililipanda muhogo. Watu walinikataza. Ukastawi, tukaula, mtamu.

Nawe basi ukipigiwa hodi, geuka kwanza uone uso, ndipo useme karibu. Na kama mdomo umekwisha kukutangulia, usilie wala usikimbie. Katazame jembe lako kama lina mpini.