Jina la Pacha Halifai Kuwa Ufunguo

Nilifika kliniki ya Bariadi nimefura kwa hasira. Mapacha wangu, mmoja mgongoni mwingine mkononi, walikuwa wamepitwa na chanjo ya surua. Tuliambiwa tusihangaike na tarehe, ujumbe utakuja kwenye simu. Kwangu haukuja. Jirani yangu mwenye mtoto mmoja anaupata kila mara.

Nesi aliniita mayu, yaani mama, akanibembeleza nikae, akamleta kijana aliyetengeneza programu ya kutuma ujumbe huo. Nilisoma naye sekondari. Akasema labda nilibadilisha laini. Nikamwambia afungue kompyuta nione.

Kompyuta nilijifunza kidogo baada ya kidato cha nne, kabla mimba haijanirudisha nyumbani. Faili lake halikuwa na tatizo: kila mstari mtoto mmoja, jina la kwanza, koma, simu ya mama, koma, namba ya kadi. Akina mama wote tulikuwemo, wa Shishiyu, wa Mkula, na mimi. Tatizo lilikuwa kwenye kusoma. Programu ilichukua mstari, ikaukata kwenye koma, ikafanya jina kuwa ufunguo na yanayobaki ikayahifadhi chini yake. Ufunguo mmoja unashika kitu kimoja tu. Ukija mstari mwingine wenye jina lile lile, wa kwanza unafutwa, tena kimyakimya.

Na huku kwetu kila pacha wa kwanza ana jina lile lile, na kila wa pili lake. Basi mapacha wote walikuwa wamefutana, wakabaki wa mama mmoja wa Kiloleli aliyeandikwa mwisho.

"Nyanda," nilimwambia, nikimwita kijana kwa Kisukuma, "wewe mwenyewe pacha. Ulidhani mmezaliwa nyie tu?"

Akina mama kwenye benchi wakaangua kicheko. Yeye alijibu taratibu kwamba alipoijaribu programu aliandika watu wa kwao nyumbani, na kwao mapacha ni wawili tu: yeye na mwenzake aliyefariki wakiwa wadogo. Alimwandika na yeye.

Hasira ilipungua. Haikuisha.

Akataka simu ya mama ndiyo iwe ufunguo. Nikamuuliza, "Hawa wangu mama yao mmoja, simu yao moja. Utanibakizia yupi?" Akashika kichwa. Ndipo tukachukua namba ya kadi, maana kila mtoto ana yake, hata pacha.

Wakati anarekebisha, nesi aliwachoma wanangu sindano, wakalia kwa kupokezana. Faili liliposomwa upya, akatuma ujumbe wa kujaribu. Simu yangu ikaita, halafu ikaita tena.

Nilishafunga kanga niondoke nilipomwona ameshika simu yake, anawatafuta akina mama wa mapacha waliorukwa, anaomba radhi na kuwaita kliniki. Alikuwa anakosea kusoma namba kwenye kioo cha kompyuta, akipiga kwa watu wasiohusika. Nikamwambia asogee. Nikakaa, nikamnyonyesha mmoja, nikaanza kumsomea namba.