Fungu la Mama Kule Kinamasini

Huku kwetu Mukurweini shamba hugawanywa kwa vipande virefu, kutoka barabarani juu hadi mtoni chini, ili kila mtoto apate barabara na apate maji. Hata kipande kiwe chembamba kama mshipi, lazima kifike mtoni. Ukitaka kumkasirisha mtu, mwambie chake kinaishia kwenye migomba.

Shida ya shamba letu ni kwamba kabla hujafika mtoni kuna kinamasi. Ni matete, tope, na korongo wawili wenye taji ambao hutaga humo kila mwaka. Mama anawapenda korongo hao kuliko anavyotupenda sisi, wala sitanii. Wakianza kulia asubuhi, anaacha kukamua ng'ombe awasikilize.

Mwaka juzi, baba akiwa ameshatuacha, Mama alisema tugawane yeye akiwa hai, tusije tukauana baadaye. Tuko watatu: kaka yangu mkubwa, mimi, na kitindamimba wetu. Mpimaji wa ardhi akaja, akatandaza ramani kwenye boneti ya gari lake, akachora mistari miwili kutoka juu hadi chini. Yote miwili ilipasua kinamasi. Kaka alifurahi sana, maana alishapanga kuchimba mitaro, maji yakauke, apande nduma. Kitindamimba naye alitaka nyasi za ng'ombe.

"Na korongo?" nikauliza.

"Korongo wana mabawa," kaka akasema.

Ngai! Mimi hasira zangu ziko karibu. Nilimwita mlafi mbele ya mgeni, nikamwambia nduma zake zitamkwama kooni, nikasema na mengine ambayo siyaandiki hapa kwa sababu anajua kusoma. Akanijibu ati watoto wake hawatashiba sauti za ndege. Mpimaji, maskini, alijaribu kusema sheria haitaki watu walime hadi ukingoni mwa mto, lakini nani alikuwa anamsikiliza? Akabaki kufuta miwani.

Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda pale uani, anachambua maharagwe.

"Kwani mimi sina fungu?" akauliza.

Haiya! Kwetu mama huachiwa pale nyumba yake ilipo, na tulidhani hilo halina maneno.

"Lako ni hapa, Mama," kaka akasema. "Nyumba, zizi, na hii kahawa ya mbele."

"Hapa sitaki. Nipeni kinamasi."

"Kinamasi! Utapanda nini huko?"

"Nimepanda maisha yangu yote. Huko sipandi kitu."

Mpimaji alimweleza polepole kwamba akichukua kule chini, nyumba itaangukia kipande cha kaka. Hati itakuwa ya kaka, na yeye atakuwa anakaa kwa mwanawe. Mama akasema amesikia. Akamgeukia kaka.

"Utanifukuza?"

Nilitaka kupiga mayowe. Nyumba hiyo yeye na baba waliijenga kwa udongo, kisha kwa mbao, kisha kwa mawe, na sasa alikuwa anaitoa kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. Nilimwogopea, na papo hapo nilimwonea fahari.

Kaka akageuka. Akamwambia mpimaji twende tukaweke mipaka, nasi wote tukashuka mteremko, Mama nyuma yetu na fimbo yake. Mpimaji alichomeka kigingi pale pale matete yanapoanzia, mahali ambapo kipande cha kaka kingeishia. Kaka akakitazama kidogo, akainama, akaking'oa.

Nikajua sasa ni vita, nikaanza hata kukunja mikono ya sweta.

Lakini kaka alipanda nacho mteremko, akaingia katikati ya mahindi aliyoyapanda mwenyewe, akakichomeka huko na kukigongelea kwa jiwe.

"Pima hapa," akamwambia mpimaji bila kututazama. "Mama asibanwe."