Hadithi Tuliyoisoma Ndani ya Laga

Kitabu nilikipata Lodwar, kwa mchuuzi anayetandaza vitabu vya mitumba juu ya turubai karibu na soko. Zilikuwa hadithi fupi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili kutoka lugha ya nchi fulani ya theluji, zote za mtu mmoja anayezunguka vijijini akiwinda mazimwi. Mimi ni muuguzi. Mambo ya mazimwi sikuwa na habari nayo. Lakini jioni hiyo hiyo niliunguza maharagwe, macho yakiwa kitabuni.

Niliporudi kazini kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma nilianza kumsomea mwenzangu, mama wa Kikongo anayetutafsiria maneno ya wagonjwa. Alisikiliza akiwa ameuma ncha ya kitenge chake. Nikinyamaza ananihimiza, "Endelea, dada, lakini polepole." Tulifurahia kuogopa pamoja, hofu ile ikiwa ya watu wengine, tena wa mbali.

Siku moja tulikuwa tukienda kuchanja watoto kwenye maboma, gari likazama mchangani katikati ya laga, mto mkavu ambao tumeuvuka mara nyingi. Simu hazikushika mtandao. Dereva akaenda kwa miguu kutafuta watu wa kusukuma. Juu yetu jua lilikuwa kali. Weusi wa mawingu ulionekana kwenye milima ya mbali tu, nasi hatukuujali. Nikatoa kitabu.

Hadithi ya siku hiyo ilikuwa ya zimwi linalokaa kwenye bonde na kuita watu kwa sauti ya mtu wa kwao. Anayeitika haonekani tena. Mwindaji alikuwa amejificha nyuma ya jiwe, na zimwi lilikuwa linaita.

"Mama!"

Nilidhani mwenzangu ananitania. Nikamtazama, naye alikuwa ananitazama mimi.

"Mama! Mama we!"

Sauti ilitoka nyuma ya ukingo, kwenye miti ya miiba. Hatukuona mtu. Nilikuwa karibu kuitika, mwenzangu akanishika mkono kwa kucha.

"Usiitike, dada. Ile haiko mutu."

Mimi niliyesomea uuguzi, ninayewaambia watu waache uchawi waje hospitali, nilipandisha kioo. Tukajiinamisha chini ya viti. Sauti iliita tena, safari hii kwa hasira. Ndipo nikasikia mngurumo, kama wa lori linalopanda mlima, ilhali barabara ilikuwa tupu.

Kitu kikagonga boneti kwa nguvu. Mwenzangu akapiga yowe. Aliyegonga alikuwa mzee wa Kiturkana, fimbo mkononi, anahema.

"Maji! Maji nakuja! Toka!"

Tulitoka. Viatu vyangu vilibaki mchangani. Alitushika mikono, mmoja kila upande, akatuvuta hadi juu ya ukingo, na nilipogeuka laga yote ilikuwa inatembea: maji ya rangi ya kahawia, magogo, mbuzi mmoja aliyekufa. Gari lilizunguka taratibu, likalala ubavu, milango yetu ikiwa bado wazi.

Mzee aliketi kwenye kistuli chake cha mbao, kile wazee wa Kiturkana hutembea nacho, akatuangalia.

"Mimi naita, naita. Nyinyi nasikia. Nanyamaza kwa nini?"

Mwenzangu ndiye aliyemjibu, "Baba, tuliogopa." Mzee akadhani tumeogopa wezi wa mifugo. Akatikisa kichwa kwa huruma, akasema hata yeye huwaogopa.

Dereva tulimwona baadaye ng'ambo ya pili, ameshika kichwa kwa mikono miwili, akidhani tumo ndani ya gari. Tulimpungia kwa kitenge hadi akatuona. Alikaa chini palepale mchangani akalia.

Usiku sikulala vizuri kwa siku nyingi. Mngurumo wa lori lolote ulinitoa kitandani. Kitabu kilikwenda na maji, na kwa muda mwenzangu hakutaka hata kitajwe. Kisha mchana mmoja, tukifunga pamba kliniki, aliniuliza kwa sauti ya chini kama yule mchuuzi wa Lodwar anaweza kuwa na kingine.