Geji Haina Undugu

Asubuhi ile hasira zilikuwa zimemfika Mama Geji kooni, na gereji nzima ilijua. Fundi wa magurudumu alihamishia kazi yake nyuma ya ukuta, akawa anagonga ringi kwa adabu.

Aliyemkasirisha alikuwa mwenye lori. Lori lenyewe lilikuwa linazima likipanda mlima na mzigo. Likipumzishwa kidogo linawaka kama si lenyewe. Mara ya mwisho lilirudi nyuma, na mpakiaji mmoja akaruka kutoka juu ya magunia akavunjika nyonga. Tajiri huyo alikwisha kubadilisha pampu mara mbili kwa kubahatisha. Sasa alikuja na jibu jipya: dereva anauza dizeli na kujazia maji. Na dereva ni mdogo wake Mama Geji, tumbo moja.

"Ukiuona ugonjwa, sawa," tajiri alisema. "Usipouona, aniachie ufunguo leo hii hii."

"Mdogo wangu si mwizi!" Mama Geji alimfokea. "Mama yetu alikufa akaniachia huyu, nimemlea kwa mikono hii. Kaa kwenye benchi pale, funga mdomo, nipime!"

Jina hilo alipewa kwa sababu hagusi nati kabla ya kupima presha. Mafundi wanaoanza kwa kubadilisha vipuri aliwaita wapiga ramli, tena mbele ya wateja wao.

Alifunga geji, kile kipimo cha presha, kwenye njia ya mafuta, akamwamuru mdogo wake awashe. Injini ikinguruma taratibu, mshale ulitulia panapotakiwa. "Kanyaga!" Mshale ukashuka, ukashuka, ukalala. Akabadilisha filta. Ukalala tena. Akakinga dizeli kwenye chupa, akaiacha itulie: safi, hakuna hata tone la maji. Akampelekea tajiri chupa ile hadi puani.

Kisha akachomoa mpira unaovuta mafuta tangini, akautumbukiza kwenye dumu la dizeli. "Kanyaga tena!" Mabati ya gereji yalitetemeka, mshale haukutikisika. Basi pampu ni nzima, ugonjwa umo tangini.

"Dada," mdogo wake aliita kutoka kwenye usukani, "tangi si lazima tulifungue. Tulipulize kwa upepo tu, yatosha."

Mama Geji alimtazama. Huyu alianza lini kujua habari za matangi? Ndipo akaona kuwa kifuniko cha tangi ni kipya.

Alifungua tangi, akazamisha mkono hadi kwapani, akapapasa penye mdomo wa bomba la kuvutia. Akatoa kitambaa kinachochuruzika dizeli, chenye maua mekundu. Ni kipande cha shuka la mama yao, ambalo Mama Geji alimpa mdogo wake ajifunike safarini. Injini ikivuta kwa nguvu, kitambaa kinaziba bomba; ikizima, kinajiachia.

"Kifuniko kilipotea, dada. Niliziba kwa kitambaa hiki kwa muda tu, kikazama. Niliogopa kufukuzwa."

"Ulijua!" Sauti yake ilipasuka. "Ulijua, ukapakia watu, ukapanda nao mlima!"

Mdogo mtu aliinamisha kichwa.

Tajiri aliinuka kwenye benchi. "Kwa hiyo hakuiba?"

"Hakuiba."

"Basi yaishe! Kesho aondoke na mzigo."

Mama Geji alinyoosha mkono kwenye dirisha la lori. "Ufunguo."

"Dada, si tajiri amesamehe?"

"Mimi sijasamehe. Yule mpakiaji naye ana dada yake. Lete ufunguo!"

Aliupokea, akamtia tajiri mkononi bila kumtazama. Kisha akarudi kufunga tangi. Machozi ya hasira yalikuwa yanamtiririka hadi kidevuni, na hakuna aliyethubutu kumwambia pole.